UZI: Kabla hujachapa fulana yenye nembo ya chuo, soma hapa kwanza

mhazini_wa_zamani

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa mahafali unakaribia, na najua saa hii kuna vijana wako kwenye kundi la WhatsApp la darasa wanachangishana pesa za fulana. Sisi tulikuwa hapo miaka michache iliyopita. Nilikuwa mhazini wa chama cha wanafunzi wa kitivo chetu, chuo kimoja cha umma huku Tanzania Bara. Jina la chuo silitaji, halisaidii chochote kwenye ninachotaka kusema.

Tulichapa fulana 240. Mbele nembo ya chuo, mgongoni jina la shahada na mwaka. Wengi walilipa kwa kujibana, wengine walikata kwenye bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu. Siku tatu kabla ya mahafali, mzigo ukiwa umeshafika hosteli, tukaitwa ofisini. Tukaambiwa nembo tumeitumia bila idhini, tumeivuta ikawa pana, bluu yake si bluu ya chuo, na juu ya yote tumeiuza. Fulana zikazuiwa. Pesa za watu nilizishika mimi, kwa hiyo simu za usiku zilikuja kwangu. Mwenzetu mmoja wazazi wake walitoka Kibondo kuja kumwona akivaa joho, na baba yake alikuwa ameahidiwa fulana moja. Mzee aliondoka mikono mitupu. Jambo hilo halijanitoka mpaka leo.

Kosa la kwanza lilikuwa letu: hatukuomba. Lakini na pa kuombea hatukuoneshwa. Mwanzoni mwa muhula tuliuliza ofisi moja tukajibiwa "endeleeni tu", kwa mdomo. Siku mambo yalipoharibika, yule aliyetujibu hakukumbuka kuulizwa. Nilijifunza hapo kwamba kama hukupewa karatasi yenye muhuri na kumbukumbu namba, hukupewa kitu.

Tangu wakati ule nimewasaidia wadogo zetu mara mbili kupata kibali, na nimepata picha ya jinsi mambo yanavyokwenda.

Jambo la msingi ni kujua nembo ni ya nani. Chuo kikuu ni mtu mbele ya sheria. Kina Hati Idhini yake chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, kina lakiri yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Jina na nembo ni mali yake kama vilivyo viwanja na majengo. Wewe mwanafunzi ni mtoto wa nyumba hiyo. Unalala ndani, unakula ndani, ila huwezi kupangisha chumba cha uani bila mwenye nyumba kujua.

Pili, vibali viko viwili na watu wanavichanganya. Kuna idhini ya muundo, yaani ofisi inayosimamia chapa ya chuo inaangalia mchoro wako na kusema nembo imekaa sawa. Halafu kuna ruhusa ya kuuza, ambayo inagusa pesa, kwa hiyo mwanasheria wa chuo na uhasibu wanaingia. Fulana ambazo wanachama wanajichangia gharama na kuvaa wenyewe hupita kirahisi kuliko fulana za kuuzia wageni getini siku ya mahafali. Andika kwenye barua ni ipi kati ya hizo mbili. Ukiandika "kwa ajili ya mahafali" bila kufafanua, barua itarudi na maswali, na kurudi kwake ni wiki mbili.

Barua yenyewe ipitie kwa mlezi wa chama, kisha mshauri wa wanafunzi, ndipo iende juu. Ipelekwe masijala, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yako igongwe pia. Ukimpa mtu mkononi kwenye korido, umeitupa. Ikishaingia kwenye jalada itatembea kwa dokezo sabili, yaani karatasi ya maelezo ya ndani ya ofisi, kutoka meza hadi meza, na kazi yako ni kujua leo iko meza gani. Uliza kwa adabu, kila baada ya siku tatu nne, na ubebe ile nakala yenye muhuri. Anzeni miezi mitatu kabla, siyo wiki tatu.

Wenye uzoefu karibuni, hasa mafundi na wanasheria. Nataka uzi huu uwe msaada wa kweli kwa wanaokuja.

---

fundi_skrini

Shukrani dada mhazini. Mimi nachapa Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa, na fulana za vyuo ndiyo kazi yangu kubwa kuanzia Septemba hadi Desemba.

Naomba niseme upande wa fundi. Vijana tisa kati ya kumi wanaokuja kwangu wananiletea nembo waliyoichukua kwenye ukurasa wa Facebook au waliyoipiga picha kwenye bango. Ile picha ukiikuza inavunjika vipande vipande, kwa hiyo fundi anaichora upya kwa macho. Hapo ndipo mwenge unapungua ulimi mmoja wa moto, kitabu kinakosa ukurasa, maandishi ya chini yanabadilika herufi. Fundi hakukusudia, lakini nembo aliyochapa si ya chuo tena. Ombeni ofisini faili la vekta, lile ambalo ukilikuza hadi ukubwa wa ukuta linabaki safi. Kama hamna idhini hamtapewa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia na barua.

Rangi pia. "Bluu" si jibu. Vyuo vyenye mwongozo wa chapa vinaandika namba ya rangi, nyingi kwa mfumo wa Pantone, na fundi mwenye uzoefu anachanganya wino hadi ifike. Kumbukeni wino huo huo ukiuweka kwenye fulana nyeusi bila kutanguliza tabaka jeupe, unazama. Nimeona kazi nzuri ikikataliwa kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa kepu na polo za kudarizi: maandishi madogo kuliko milimita 5 hivi uzi hauyawezi, yanakuwa donge. Kauli mbiu ya chuo iliyo chini ya ngao itapotea. Ulizeni ofisini kama kuna nembo iliyorahisishwa kwa vitu vidogo. Msiipunguze wenyewe.

Na chapeni sampuli moja kwanza. Moja tu, kwenye kitambaa chenyewe, muipeleke ofisini muioneshe nje, juani. Kwenye kioo cha simu kila rangi ni nzuri. Mimi siku hizi sianzi kazi ya nembo ya chuo bila kuona barua, na wateja wengine wananikasirikia wanahama duka la pili. Wacha wahame. Nilishashikiwa mzigo mara moja, na hasara ile nililipa miezi minane.

---

mlipa_kodi

Nimesoma yote na kuna kitu kinanisumbua, nisaidiwe kwa hoja.

Chuo cha umma kimejengwa kwa kodi za baba zetu. Nembo ile ilichorwa kwa pesa hizo hizo. Mimi nimelipa ada, nimesoma miaka minne, jina la chuo liko kwenye cheti changu, nitalibeba mpaka kaburini. Leo nikitaka kulibeba kifuani naambiwa niombe ruhusa, na pengine nilipie. Wakati huo huo ukienda soko la Karume utakuta sweta la Harvard la mtumba, unanunua unavaa, hakuna anayekuuliza ulisoma lini.

Sisemi watu waharibu nembo. Nasema mwanafunzi asitendewe kama mwizi kwa sababu anakipenda chuo chake.

---

wakili_wa_mtaa

Ndugu mlipa_kodi, hoja yako ni nzito na nitaijibu kwa heshima.

Nianze na sweta la Harvard. Kama ni halisi, lilitengenezwa kwa idhini ya wenyewe, likauzwa, likavaliwa, likaja huku kwenye robota. Anayekuuzia hakutengeneza kitu. Lakini ukinunua fulana tupu Kariakoo ukachapa neno Harvard ukauza, hapo umetengeneza bidhaa kwa jina la mtu mwingine. Ni matendo mawili tofauti hata kama macho yanaona sweta na fulana zenye neno moja.

Kuhusu kodi: gari la halmashauri nalo limenunuliwa kwa kodi yako. Mali ya umma ina msimamizi, na anapaswa kuitunza kwa niaba yetu sote. Fikiria mtu asiye na uhusiano wowote na chuo anachapa nembo kwenye vyeti vya "kozi fupi" na kuviuza kwa vijana wanaotafuta ajira. Ulinzi unaokuzuia wewe kuchapa fulana bila idhini ndio unaompa mwanasheria wa chuo nguvu ya kumkabili tapeli huyo. Hata hivyo msimamizi mwema anaweka mlango na kengele. Chuo kinachokataza bila kusema pa kuombea hakijatimiza wajibu wake, na hapo nakuunga mkono kabisa.

Sasa sheria, kwa kifupi. Bara alama zinasajiliwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Maombi yanafanyika mtandaoni kupitia ORS, mfumo wao wa usajili, na kufungua akaunti unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ombi linachunguzwa, likikubaliwa linatangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Ukisajiliwa unapata miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10.

Vyuo vingi vingefaidika kukaa na jambo moja: madaraja. Duniani bidhaa na huduma zimepangwa kwenye madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Elimu ni daraja la 41. Nguo, viatu na kofia ni la 25. Vikombe na chupa za maji ni 21, mabegi 18, kalamu na madaftari 16, vitambaa na bendera za kitambaa 24. Bara kila daraja lina ombi lake na malipo yake. Chuo kikisajili nembo kwenye 41 peke yake, kimelinda kufundisha. Siku kinataka kumbana muuza kofia, mwanasheria wake atakuwa na kazi ngumu zaidi ya kueleza. Hajakosa njia, maana kuna kosa la kupitisha bidhaa yako kana kwamba ni ya mwingine hata kama alama haikusajiliwa, na ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Lakini cheti cha daraja husika ni silaha nyepesi kubeba.

Nyongeza: baadhi ya vijana wanaweka na Ngao ya Taifa pembeni ili fulana "ipendeze". Msifanye. Nembo za Taifa zina sheria yake, na kibali cha chuo hakiwezi kuzifunika.

---

BintiPindo

Assalaam alaykum wote. Naandika kutoka Unguja.

Kwanza niwakumbushe ndugu zetu wa Bara kwamba cheti cha BRELA hakivuki bahari. Huku kuna BPRA, wakala wetu wa usajili wa biashara na mali, na Sheria ya Hakimiliki za Viwanda ya Zanzibar ya 2008, na usajili ni wa peke yake. Chuo cha Bara chenye tawi huku, au kinachouza bidhaa huku, kinatakiwa kisajili pande zote mbili.

Pili, mmezungumza fulana na kofia mkasahau vazi letu. Sisi kina mama wa chama cha waliohitimu tulitaka kanga ya mahafali. Tukachora pindo la mawimbi na karafuu, mji tukaweka nembo kubwa katikati, na jina tukaandika msemo wa kumpongeza mtoto. Tukapeleka. Tukakataliwa.

Nilikasirika nikadhani wameidharau kanga kwa kuwa ni nguo ya kina mama. Nikaomba kumwona aliyekataa, akanieleza vizuri. Alisema: "Bibi, kanga inafungwa kiunoni, inakaliwa, inabebewa mtoto, na ikichakaa inakatwa ikawa kitambaa cha jikoni. Nembo hii ndiyo iliyo kwenye shahada. Sitaki niione imekaliwa." Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nisingependa.

Tulichofanya ni kuitoa nembo kwenye mji. Pale kati tukachora jengo la zamani la chuo kwa mistari myepesi, kwenye pembe nne tukaweka ua lililo kwenye nembo, ua peke yake. Jina la chuo likaingia ndani ya jina la kanga, kwenye kile kisanduku chake. Idhini ikatoka. Nawaambia, kanga ile ikawa nzuri kuliko ile ya kwanza, maana ilikuwa kanga kweli na siyo bango lililokunjwa. Wanawake wengine hawakusoma chuo chochote na waliinunua kwa ajili ya msemo.

Angalizo kwa wanaofikiria kanga: kiwanda hakikuchapii doti ishirini. Hesabuni wanunuzi kabla ya kulipia mchoro.

---

mbali_na_nyumbani

Nipo Marekani, jimbo la katikati, nasomea shahada ya pili. Huku jambo hili ni biashara kamili na nimejifunza kwa vitendo, maana chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kilichapa fulana mwaka jana.

Utaratibu ulikuwa hivi. Chama kiwe kimesajiliwa na chuo. Mchoro unapakiwa kwenye mfumo wa ofisi ya leseni. Kuchapa ni lazima kwa mchapaji aliye kwenye orodha yao, hata kama jirani yako anachapa kwa nusu bei. Sisi tulimvika kanga yule mnyama ambaye ni alama ya timu za chuo. Tulimpenda sana. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: mnyama habadilishwi, havalishwi, hashikishwi kitu. Tukashusha pindo la kanga likawa mstari chini ya jina la chama, mnyama akabaki kama alivyo, wakapitisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo dada BintiPindo, tumepita njia moja.

Mambo haya huku hayakuanza zamani sana. Kampuni ya Collegiate Licensing ilianzishwa 1981 na Bill Battle, aliyewahi kuwa kocha wa mpira wa Kimarekani wa Tennessee, na mteja wa kwanza alikuwa Chuo Kikuu cha Alabama. Kabla ya hapo wachapaji wengi walijichapia tu. Kampuni ya Champion ilikuwa ikiuza nguo zenye jina la Chuo Kikuu cha Pittsburgh tangu 1936, na chuo kilinunua kwao na kufurahi. Miongo ikapita, chuo kikataka kulipwa, wakafika mahakamani. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ilisema, kwa maneno yangu: kwa yaliyopita mmelala mno, hamwezi kudai, kwa yajayo mnaweza kusimama. Nadhani kisa hicho kinawahusu viongozi wa vyuo vyetu kuliko wanafunzi. Kukaa kimya miaka arobaini halafu kukamata fulana siku tatu kabla ya mahafali si haki.

Kisa kingine kinamjibu ndugu mlipa_kodi. Chuo cha Iowa State kilikuwa na kikundi cha wanafunzi kinachodai sheria za bangi zibadilishwe. Mwaka 2012 walipeleka mchoro wa fulana wenye ndege wa chuo, Cy, ukapitishwa. Gazeti likatoa habari, wanasiasa wakalalamika, uongozi ukabadilisha masharti na kuwakatalia. Wanafunzi wawili wakashtaki. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Haikusema chuo hakina haki ya kusimamia nembo. Ilisema ukishafungulia vyama vya wanafunzi mlango wa kutumia nembo, huwezi kumfungia mmoja kwa sababu hupendi maoni yake. Ile ni sheria ya Marekani na ya chuo cha serikali, haitumiki kwetu. Ila kipimo chake nakipenda: kataa kwa sababu ya nembo ilivyotumika, siyo kwa sababu ya nani anaivaa.

Kitu cha mwisho. Huku leseni inaangalia pia nguo imeshonwa wapi na nani. Wanafunzi walipiga kelele miaka ya tisini kuhusu viwanda vinavyonyanyasa wafanyakazi, na mwaka 2000 likaundwa shirika la Worker Rights Consortium kukagua. Mwaka 2009 vyuo vingi vilivunja mikataba na kampuni ya Russell baada ya kufunga kiwanda Honduras ambako wafanyakazi walikuwa wameunda chama. Mwishoni mwa mwaka ule kampuni ikakubali kuwarudisha kazini. Ilianza na nembo kwenye sweta. Sisi nyumbani hatujafika kuuliza aliyeshona fulana zetu analipwaje, na natamani tuulize.

---

mtoto_wa_masijala

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawasiliano ya chuo kimoja, na barua za namna hii hupita mezani kwangu. Mhazini, pole kwa yaliyowapata. Ninasema pole kwa dhati.

Sababu zinazokwamisha barua, kwa ninavyoziona, mara nyingi hata si nembo. Barua haina namba ya simu. Barua imesainiwa na mwenyekiti ambaye muda wake umeisha. Mchoro haukuambatishwa, imeandikwa "tutaonesha baadaye". Idadi haipo. Bei haipo. Au inasema ziada itakwenda "kwenye shughuli za chama", na mhasibu anauliza shughuli gani, na jalada linalala.

Mambo tunayokataa moja kwa moja ni nembo kuwekwa karibu na pombe, sigara, chama cha siasa au mgombea, nembo ya mfadhili kuwa kubwa kuliko ya chuo, na nembo kuchanganywa na ya chama mpaka zikawa kitu kimoja. Hiyo ya mwisho vijana hawaielewi. Wanaweka mwenge wa chuo ndani ya herufi ya kwanza ya jina la chama. Ni ubunifu mzuri, lakini umezaa nembo ya tatu isiyo na mwenyewe. Wekeni ya chuo upande mmoja, yenu upande wa pili, na nafasi katikati.

Mkipewa ruhusa ya kuuza na kuna mrabaha, malipo ya chuo cha umma yanalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number). Mtu akikwambia mtumie kwenye simu yake "ili iharakishwe", huyo si chuo. Na chuo chenyewe kikitaka kununua fulana za hafla yake, hapo kinapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, kama manunuzi mengine ya umma. Fundi asidhani barua ya chama inampa zabuni ya chuo.

Nakiri kwamba kwetu fomu haikuwepo hadi hivi karibuni. Kila ombi lilikuwa linaanza upya kama halijawahi kuombwa na mtu. Nimeandika fomu ya ukurasa mmoja, iko kwa wakubwa inasubiri kupitishwa. Naipigania.

---

KijanaEldoret

Hamjambo kutoka Kenya. Huku usajili wa alama uko KIPI, taasisi yetu ya mali za viwanda, muda ni miaka 10 na unahuishwa kwa 10 mingine, na pingamizi ni siku 60 baada ya kutangazwa kwenye jarida lao.

Mimi na wenzangu tuliomaliza tunataka kuuza hudi (sweta zenye kofia) mtandaoni kwa waliohitimu walio ng'ambo. Swali langu: tusipotumia nembo hata kidogo, tuchore tu jengo linalojulikana na kila mtu, je, tuko salama? Kwa mfano kule kwenu Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila mtu anaujua.

---

wakili_wa_mtaa

Ndugu yangu wa Eldoret, mchoro wa mkono wako si nembo, hiyo kweli. Lakini jiulize unachora jengo kwa nini. Ukiandika chini yake jina la chuo au kifupi chake, umerudi kule kule, kwa sababu mnunuzi ananunua chuo, hanunui zege. Ukiuza kama mchoro wa mji wako bila jina, una nafasi zaidi, ingawa mimi bado ningewaandikia barua.

Na kwa huo mfano wa Nkrumah: mchoro wake ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, iliyoondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025, na nimeona watu wakiutoa huko na kuuweka kwenye fulana. Picha za noti zina sheria zake. Chora mwenyewe, au mlipe mchoraji na muandikishane kwamba haki za mchoro zinakuwa zenu. Usipoandikishana, kesho akiuza mchoro ule ule kwa duka la jirani utakuwa huna la kumwambia.

---

mlipa_kodi

Nimewaelewa. Bado naona ada ingetosha, lakini kisa cha vyeti feki kimenigusa, maana mdogo wangu aliwahi kuuziwa kimoja. Naomba basi mhazini utuwekee mfano wa barua. Wengi hapa hawajawahi kuandika barua ya kiofisi.

---

mhazini_wa_zamani

Hii ndiyo tuliyotumia mara ya mwisho, nimeondoa majina. K.K. ni "kupitia kwa".

Kumb. Na. ____          Tarehe ____

Makamu Mkuu wa Chuo,
K.K. Mshauri wa Wanafunzi,
K.K. Mlezi wa Chama.

YAH: OMBI LA IDHINI YA KUTUMIA NEMBO YA CHUO KWENYE FULANA ZA MAHAFALI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Chama cha Wanafunzi wa ____ kinaomba idhini ya kutumia nembo ya Chuo kwenye fulana 180 za wanachama wanaohitimu. Fulana hazitauzwa kwa umma. Kila mwanachama atachangia gharama halisi ya fulana yake, na hakuna ziada itakayobaki.

Nembo itakuwa upande wa kushoto wa kifua, upana sentimita 8, kwa rangi zilizo kwenye mwongozo wa chapa wa Chuo. Jina la Chama litakuwa mgongoni, mbali na nembo. Mchapaji ni ____, na nakala ya leseni yake ya biashara imeambatishwa. Tutawasilisha sampuli moja kabla ya uchapaji, na hatutaendelea mpaka sampuli ikubaliwe kwa maandishi.

Tunaomba pia tupatiwe faili rasmi la nembo kwa matumizi haya peke yake.

Viambatisho: mchoro wa mbele na nyuma, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao kilichopitisha.

Nakala: Mwanasheria wa Chuo, Ofisi ya Mawasiliano.

Wasaini mwenyekiti, katibu na mhazini, wote watatu, kila mmoja na namba yake ya simu.

---

fundi_skrini

Nzuri sana. Ongeza mstari mmoja ambao watu wanausahau. Kazi ikiisha, zile skrini zenye nembo zinabaki kwangu, na faili linabaki kwenye kompyuta yangu. Mwezi unaofuata anakuja mtu mwingine asiye na barua anasema "nichapie kama zile". Fundi mwenye njaa atachapa. Andikeni kwamba skrini zitafutwa na faili litaondolewa mbele ya mhazini, na fundi asaini.

---

mhazini_wa_zamani

Nimeongeza. Mtoto_wa_masijala, ukipata nafasi uutie na kwenye ile fomu yako.

---

mtoto_wa_masijala

Nimeshautia, kipengele cha tisa.